Sikilidi wa Malawi wanakufa na maji yang'aa kabisa, shida ni nini? (niko Mombasa)

#1 Jirani_Kibokoni
Wadau salaam. Nna tangi la lita 80, nlitengenezewa na fundi wa vioo hapa mjini, nkatia mawe, changarawe, filta ya ndani, taa, yote. Juma lililopita nkanunua samaki sita, wale sikilidi wa Ziwa Malawi, wawili njano, wawili buluu na wawili wa mistari myeusi juu ya njano. Muuzaji akanambia hawa hawafi ovyo na kwa maji ya Mombasa ndio penyewe. Sasa watatu washakufa, buluu wote wawili na mmoja wa njano. Maji yang'aa mpaka waona ukuta wa nyuma. Huyu wa njano aliyebaki amejibanza juu kabisa nyuma ya filta, pezi la mkia limeliwa limebaki miba tu, hashuki hata nkitia chakula. Wale wa mistari wazima, wazunguka tangi zima kama wapangaji waliomtoa mwenye nyumba. Maji ni ya mfereji. Wanakufa kwa nini? Nambieni mapema kwa sababu mamangu ashaanza, asema pesa hizo ningeleta changu tukampaka.

#2 Bahari_Tamu
Pole. Swali moja tu, tangi lilikaa muda gani filta ikifanya kazi kabla hujatia samaki? Manake samaki hutoa amonia kwa mashavu yake saa zote, chakula kinachobaki nacho chaoza chatoa amonia, na kinachoiondoa si filta yenyewe, ni bakteria wanaoota ndani ya sponji ya filta. Kuna wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti, na wengine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti, na hiyo ya mwisho haina neno mpaka izidi sana. Tangi jipya halina hao wote, huchukua wiki nne mpaka sita kukaa sawa. Amonia haina rangi, ndio maana wayaona maji yang'aa. Kesi imekwisha.

#3 Mzee_Tudor
#2 kesi waifunga mapema bwana. Amonia haili mkia wa mtu. Hao wa mistari bila shaka ni auratus, na katika mbuna wote, yani hao sikilidi wa mawe wa Ziwa Malawi, auratus ni katika wale wakorofi zaidi. Wakiwa wadogo wote ni njano na mistari myeusi wapendeza, muuzaji atakuuzia hivohivo, kisha dume likikomaa lageuka jeusi lenye mistari ya buluu na hapo ndio utajua. Kule ziwani mbuna waishi kwenye mawe, anayepigwa ana pa kukimbilia, ziwa zima lake. Kwenye lita 80 akimbilie wapi? Nyuma ya filta. Samaki akikaa pembe ya juu hashuki, huyo anafukuzwa, si mgonjwa. Huyo wa njano ni Labidochromis, mpole, hakuwa wa kutiwa na auratus hata kidogo.

#4 Shekhe_Kuku
Mimi nko na mamake. Changu wa kupaka, mkate wa mofa pembeni, kesi imekwisha kikweli.

#5 Jirani_Kibokoni
😂 #4 wewe usinchongee. #2 filta iliwashwa siku moja kabla, muuzaji alisema yatosha. #3 mmoja wa mistari kweli aanza kuiva weusi tumboni, nlidhani ni ugonjwa.

#6 Mzee_Tudor
Si ugonjwa, ndio dume hilo lajitangaza. Mtoe huyo kwanza, mengine tutazungumza.

#7 MamaSwafiya_Mtwapa
Salaam wote. Nyote mwasema lakini hakuna aliyeuliza joto, na huyu si kwamba hajapima tu, kwenye swali hakulitaja kabisa, ambayo ni mbaya zaidi. Mbuna wataka nyuzi 24 mpaka 28 hivi. Sasa hivi kaskazi, nyumba za mji wa kale zimebanana, dirisha laangalia ukuta wa jirani, tangi liko sebuleni na taa juu yake, hilo lafika nyuzi 31 mchana na usiku halishuki. Maji ya moto hayashiki hewa. Maji ya nyuzi 25 yakijaa hewa yana miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita, yakiwa 30 ni 7.5 hivi, na samaki mwenyewe kwenye joto ataka hewa zaidi si kidogo. Hapo hata kupigwa na auratus kwamchosha upesi. Mimi nlifungua kifuniko nkaweka wavu, pangaboi likawa lapiga juu ya maji, joto likashuka nyuzi mbili tatu bila gharama. Maji hupungua kwa kufuka lakini waongeza tu. Hita msinunue watu wa Mombasa, anayekuuzia hita amekuona mgeni.

#8 Mbogi_Bamburi
Mama Swafiya heshima lakini joto si neno kwa sikilidi. Pale Ziwa Magadi kuna sikilidi wadogo wanaishi chemchemi za maji moto, zaidi ya nyuzi 40, na pH (kipimo cha asidi na alikali ya maji) inafika 10. Hao ni wa Kenya hapa hapa. Sasa nyuzi 31 zitamuua nani?

#9 MamaSwafiya_Mtwapa
Mwanangu hao wa Magadi ni Alcolapia, wamezaliwa humo vizazi na vizazi, wengine hakuna wanapopatikana ila humo. Wa Malawi wao hawakuzoea hayo. Wewe pia ni wa Kenya, nenda kaoge Magadi uje utuambie.

#10 Shekhe_Kuku
😂😂😂 Mbogi kaa chini.

#11 Likoni_Kivukoni
Mi nadhani nyote mwazunguka. Hawa samaki ni wa maji ya chumvi kidogo, kila mtu ajua sikilidi wa Malawi wataka maji mazito. Mfereji ni laini. Chota maji ya bahari pale Tudor kidumu kimoja, changanya na ya mfereji, utaona wanavyochangamka. Rafiki yangu hutia mpaka chumvi ya jikoni.

#12 Bahari_Tamu
#11 hapana hapana, usimtie mwenzio shimoni. Ziwa Malawi ni maji matamu, watu wanakunywa. Maji mazito si maji ya chumvi. Uzito ni kalisi na magnesi, na pH huwa juu kwa sababu ya bikaboneti. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi, haiongezi uzito hata kwa dawa. Na ya Tudor usiseme, pale mkono wa bahari unapokea maji ya mitaa mingapi?
Halafu maji ya Malawi yenyewe si mazito hivo, ni ya wastani tu. Tanganyika ndio mazito zaidi na pH yake ni 8.6 mpaka 9.2, Malawi ni 7.8 mpaka 8.6 hivi.

#13 Mwanaziwa_Kigoma
Wakuu habari za Mombasa. Nawasoma kutoka Kigoma, ziwa naliona dirishani hapa nilipo. Mkuu wa #12 yuko sahihi kuhusu Tanganyika. Ila nimecheka, mnanunua sikilidi kwa hela na kuwawekea feni, huku kwetu kuna sikilidi anaitwa kuhe, ni mkubwa kuliko sikilidi wote wa Afrika, tunamla na ugali na hakuna anayempima joto. Hawa wadogo wa mawe watoto wanawachungulia wakiogelea tu. Ziwa lina kina cha mita 1,470, juu maji ni ya moto moto lakini hayabadilikibadiliki, asubuhi na jioni yale yale. Nadhani hilo ndilo linalowaua samaki wenu, si joto lenyewe, ni kupanda na kushuka. Tangi la lita 80 jua likipiga linapanda, ukiweka barafu linashuka ghafla.

#14 MamaSwafiya_Mtwapa
Karibu ndugu wa Kigoma. Barafu mimi sikuitaja lakini nakubali, kuna wanaotumbukiza chupa za barafu saa nane mchana kisha washangaa.

#15 Jakisumu_Changamwe
Nimeona mmetaja Malawi na Tanganyika mkaruka Victoria ambayo ndiyo yetu. Nyanza sisi tulikuwa na fulu, hao ni sikilidi pia, aina mamia, kila ghuba na zake. Miaka ya 1950 mbuta akatiwa ziwani, miaka ya 80 akalipuka, fulu wakaliwa wakaisha aina nyingi mno, na maji nayo yakachafuka. Leo aina nyingine unazipata kwenye matangi ya wazungu Ulaya na ziwani hamna. Kwa hivyo Jirani ukishindwa na wa Malawi tafuta fulu uwatunze, utakuwa umefanya la maana.

#16 Mwanaziwa_Kigoma
#15 kweli mkuu, Mwanza wanawaita furu, na mbuta ndiye sangara. Wazee wa huko wanawakumbuka sana. Na ngege je? Naye ni sikilidi.

#17 Jakisumu_Changamwe
Ngege ni sikilidi ndio, esculentus, yule wa asili wa ziwa. Wengi wanaokula "ngege" hotelini siku hizi wanakula tilapia wa Nile aliyeletwa baadaye. Anayetaka kunibishia aje na samaki mkononi.

#18 Mbogi_Bamburi
Sasa mnataka kunambia tilapia ni ndugu ya hawa wa elfu na kitu dukani? Hapo mamake Jirani ameshinda kesi.

#19 Jirani_Kibokoni
Turudini jamani. Nmenunua kipimajoto. Saa nane mchana nyuzi 31, alfajiri 29. Yani Mama Swafiya na wa Kigoma wote wamepata. Huyu wa njano bado yuko juu. Dume la mistari nmelitia kwenye ndoo na pampu ya hewa lakini mwenzake naye sasa ameanza ubabe, kumbe alikuwa angoja nafasi. Chakula nawapa ile ya vidonge vyekundu na mara mojamoja minyoo ya barafu, muuzaji alisema yawapa rangi.

#20 Mzee_Tudor
Haa, minyoo. Nlijua kuna kitu. Mbuna wengi hula ule ukungu wa kijani wa kwenye mawe, siku nzima waguguna. Utumbo wao mrefu, wataka majani majani, spirulina, hata mchicha uliochemshwa kidogo. Ukiwapa minyoo na nyama tumbo lavimba, waacha kula, kinyesi chatoka cheupe chembamba, kisha kwaheri. Wale buluu walikufa tumbo likiwa vipi?

#21 Jirani_Kibokoni
Mmoja tumbo kubwa ndio. Mwingine mwembamba tu wa kawaida.

#22 Mzee_Tudor
Basi mmoja ni kuvimba.

#23 Bahari_Tamu
Mzee wangu wewe ulianza na auratus sasa uko kwenye minyoo. Kuvimba kwenyewe watu hawajakubaliana chanzo chake, wengine wasema chakula, wengine wasema kijidudu cha tumboni kinachoamka samaki akidhikika, wengine maji mabaya. Na wale Labidochromis unaowatetea wao hula vidudu, minyoo haiwapati sana. Sasa mbona wa njano alikufa?

#24 Mzee_Tudor
Alipigwa. Nmeshasema. Samaki sita waweza kufa kwa sababu sita, wewe wataka moja uifremu ukutani.

#25 Nesi_Miritini
Samahani naingia kati. Jirani, hapo nyumbani mwapiga dawa ya mbu au ya mende?

#26 Jirani_Kibokoni
Twapiga kila mtu apiga. Juma lile dada alipiga ya mende jikoni na sebuleni, Ijumaa hivi. Kwa nini?

#27 Nesi_Miritini
Kwa sababu dawa nyingi za kopo ndani yake mna pairethroidi, na hizo kwa samaki ni sumu kali mno, kiasi kidogo sana kisichomgusa mtu wala paka chamaliza tangi zima. Na pampu ya hewa hufyonza hewa ya chumba ikaisukuma moja kwa moja ndani ya maji, yani waitia dawa kwa bomba. Ukipiga lazima uzime pampu, ufunike tangi kwa kitambaa chenye maji, ufungue madirisha, au usipige kabisa chumba hicho. Kwetu tulipoteza tangi la gapi hivo hivo, asubuhi wote chini. Ile ya kuchoma ya mviringo pia mimi siiweki karibu.

#28 Likoni_Kivukoni
Eeeh, hiyo sikuijua. Na udi je? Sisi kila Alhamisi jioni nyumba nzima moshi.

#29 Nesi_Miritini
Udi sijaona ukiua samaki. Lakini mbali na pampu ni bora.

#30 Bahari_Tamu
Nesi hoja yako kali lakini hesabu haikai. Jirani, wa kwanza alikufa siku gani?

#31 Jirani_Kibokoni
Jumatano. Wawili waliofuata Jumamosi na Jumapili.

#32 Bahari_Tamu
Hapo sasa. Jumatano kabla ya dawa. Na wa mistari hawakupata kitu, dawa ya mende haichagui kabila. Nenda kapime maji, kuna vipimo vya matone madukani, ukikosa niletee chupa ya maji Tudor kwa Mzee anavyo.

#33 Mzee_Tudor
Nnavyo. Alete hata leo baada ya Isha. Asilete ya juu juu, achote katikati ya tangi na ajaze chupa mpaka juu asiache hewa.

#34 Mbogi_Bamburi
Mkimaliza mtuambie maana mi nko na tangi la lita 200 naliosha niwaweke wao hao hao, sijui nisiweke? Maji ya kwangu ni ya kisima, Bamburi hapa, yana chumvi kidogo ukionja, sabuni haitoi povu.

#35 MamaSwafiya_Mtwapa
Mbogi hiyo ya sabuni kukataa povu ndio uzito wenyewe, visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, kalisi tele. Uzito huo kwa mbuna ni mzuri. Ya chumvi ndio mashaka, visima vya karibu na ufuo bahari huingia chini kwa chini hasa vikivutwa sana wakati wa kiangazi. Ukionja ukaitambua chumvi basi changanya nusu na ya mfereji. Mimi natumia ya mfereji tupu, na ndani ya filta nmetia vipande vya jiwe la timbo nilivyopondaponda nkaviosha mpaka maji meupe yakaisha. pH yakaa 8 kasoro kidogo mwaka mzima, yaridhisha. Msiende kubeba matumbawe ufuoni, mkishikwa ndani ya hifadhi ya bahari hamna wa kuwatetea, na timbo vipande hutupwa bure.

#36 Likoni_Kivukoni
Ya mfereji ya Mama Swafiya ni ya Baricho pengine, ya Sabaki. Kule kisiwani wengine wapata ya Mzima, ya kutoka Tsavo. Si maji mamoja. Kwa hivo anayesema "maji ya Mombasa ndio penyewe" aseme yepi.

#37 Shekhe_Kuku
Likoni leo umeongea la maana, ile ya chumvi ya jikoni tumekusamehe.

#38 Jirani_Kibokoni
Na wiki nyingine hayaji kabisa nanunua ya boza, sijui yatoka wapi. Haya nmepeleka chupa kwa Mzee, Mungu amlipe, na chai ya tangawizi nkapewa. Matokeo: pH 8.2, amonia 1, nitraiti 0.5, nitreti karibu hamna. Wa njano wa mwisho amekufa asubuhi hii, alikuwa chini kwenye changarawe nlipoamka, mashavu yamefunguka wazi, pezi la mgongo nalo limeliwa. Wamebaki hao wa mistari.

#39 Bahari_Tamu
Innalillahi. Lakini umeona? Amonia 1. Na hapa ndio pabaya, amonia iko ya namna mbili ndani ya maji, moja haina makali sana na nyingine ni sumu, na pH na joto ndio huamua nyingi ni ipi. Kwenye pH 7 na nyuzi 25 ile ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8.5 inakaribia 15. Kwako 8.2 na nyuzi 30 ni kama asilimia 11. Maji yaleyale mazuri kwa mbuna ndio yanaifanya amonia iwe kali. Mtu mwenye goldifishi kwenye maji laini angepona na amonia hiyohiyo, wewe huponi.

#40 MamaSwafiya_Mtwapa
Na joto. Umelitaja mwenyewe, nyuzi 30.

#41 Mzee_Tudor
Ngojeni. Chupa aliniletea usiku, samaki huyu wa njano ameonekana asubuhi, sawa. Lakini wale wa kabla walikaa saa ngapi ndani ya maji wamekufa kabla hawajatolewa? Maiti ya samaki kwenye lita 80 ndani ya joto hili yatoa amonia usiku mmoja. Sasa amonia iliua samaki au samaki waliokufa ndio walioleta amonia? Mimi vipimo ni vyangu na bado sijaridhika navyo.

#42 Bahari_Tamu
Mzee tangi la siku moja, amonia ilikuwa yaja tu.

#43 Mzee_Tudor
Na auratus wawili kwenye tangi la futi mbili, kifo kilikuwa chaja tu.

#44 Jakisumu_Changamwe
Nyinyi mngekuwa jirani mngepigana.

#45 Mzee_Tudor
Ni jirani. Yuko nyumba ya tatu.

#46 Mwanaziwa_Kigoma
😂 Wakuu mna raha sana Mombasa. Mtu wa Mungu, badilisha maji robo robo kila siku kwa sasa, lakini maji mapya yakae kwenye pipa usiku kucha na pampu ya hewa klorini iondoke, joto liwe sawa na la tangi. Usioshe sponji ya filta kwa maji ya bomba utaua hao bakteria wachache, ioshe kwa maji ya tangi yenyewe kwenye beseni.

#47 Jirani_Kibokoni
Asante sana. Klorini pia sikuwa nayo akilini, muuzaji alitoa chupa ya dawa lakini yaliyomo yaliisha mara ya kwanza. Kwa hivo nina klorini, amonia, joto, minyoo, auratus, dawa ya mende. Niandike ipi kwenye cheti cha kifo?

#48 Shekhe_Kuku
Andika "hasadi ya jirani".

#49 Nesi_Miritini
Mimi bado nasema ya mende kwa wale wa Jumamosi na Jumapili. Hao wa mistari pengine walikuwa tu na nguvu zaidi, hawakuwa wamejeruhiwa. Samaki mwenye jeraha na aliyeacha kula hahitaji dawa nyingi.

#50 Bahari_Tamu
Hapo sikupingi kabisa, lakini sikubali kabisa pia.

#51 Mbogi_Bamburi
Swali langu hamjajibu bado, lita 200 nitie wangapi? Kuna mtu alinambia mbuna wajazwe wengi ili dume likose wa kumfuata mmoja mmoja.

#52 Mzee_Tudor
Kweli, wakiwa kumi na tano ishirini ukali watawanyika. Dume moja majike matatu manne wa kila aina, mawe mpaka juu, mapango yawe na milango miwili asije akazibiwa ndani. Tangi liwe refu, sentimita 120, si la kwenda juu. Lakini wote watiwe siku moja, si leo wawili kesho watatu, aliyetangulia hujiona mwenye mji.

#53 Bahari_Tamu
Na ukiwatia ishirini siku moja kwenye filta changa amonia ifanyeje? Ndio hapo tunarudi kulekule. Aache tangi na filta vifanye kazi kwanza wiki sita bila samaki, atie amonia ya chupa kidogo kidogo au kipande cha kamba wa baharini kioze, apime mpaka amonia na nitraiti zote sifuri. Ama achukue sponji chafu kwa mtu mwenye tangi zee.

#54 MamaSwafiya_Mtwapa
Sponji ntampa mimi. Halafu Mbogi, ukiona jike limeacha kula, taya limevimba chini, ladumbukiza dumbukiza mdomo na kutafuna na hamna anachokula, usikimbilie dawa. Ana mayai mdomoni. Hukaa nayo wiki tatu hivi bila kula, nawe ukimuangalia kwa tochi usiku wakati mwingine waona macho madogo yametokeza kati ya midomo. La kwangu la kwanza nlidhani ni uvimbe nikaulizia dawa maduka matatu, kumbe lilikuwa limejaa watoto. Nliliweka kwenye tangi la pembeni, siku ya kuwatema likafungua mdomo, wakatoka mmoja mmoja wakaganda ganda juu ya mchanga, nlipogonga kioo kidogo wote wakarudi ndani. Watoto wangu hawakulala siku hiyo.

#55 Likoni_Kivukoni
Mashallah. Sasa hiyo ndio raha ya kufuga, si kuzika.

#56 Jirani_Kibokoni
Mimi nmeamua hivi. Hawa wa mistari siwataki, tangi libaki na filta iende, nitie kamba aoze kama #53 alivosema, na nitafute wa njano watupu baadaye au wale wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, wa Kigoma utanambia. Kuna anayetaka auratus wawili? Bure.

#57 Mwanaziwa_Kigoma
Wale wa kwenye makombe kwa lita 80 wanafaa sana, ni wadogo mno, sentimita nne tano. Mchanga laini tu na makombe matupu ya konokono, wanachimba wenyewe. Ila pH yao ipande zaidi ya hapo ulipo.

#58 Bahari_Tamu
Jirani usiwatoe wote ukaacha filta na njaa, bakteria wataka kula. Au tia huyo kamba siku hiyohiyo.

#59 Mbogi_Bamburi
Auratus nitachukua mimi.

#60 Mzee_Tudor
Mbogi hukusoma uzi huu?

#61 Mbogi_Bamburi
Nimesoma mzee, lita 200 na mawe mpaka juu, umesema mwenyewe.

#62 Mzee_Tudor
Nimesema dume moja majike manne. Hao ni wawili, mmoja dume na mwingine ashaanza ubabe, yaweza kuwa wote madume. Na watatangulia, wajione wenye mji.

#63 Likoni_Kivukoni
Basi nipe mimi, nna pipa la bluu la lita 210 uani chini ya mwembe, kivuli siku nzima, nlitaka samaki wa kula viluwiluwi vya mbu.

#64 Nesi_Miritini
Hapo sasa. Na hakuna haja ya kopo tena uani.

#65 Jirani_Kibokoni
Likoni chukua wewe. Njoo na ndoo yenye kifuniko wasiruke, na uje asubuhi mapema, ukivuka feri saa saba na foleni ile watachemka kabla hujafika Likoni.

#66 Likoni_Kivukoni
Ntakuwa hapo saa moja unusu. Mwambie mamako aweke chai.